Ukumbi wa Mtaa na Stoo Yake

Klabu ya michezo katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kwa kawaida haimiliki jengo. Inachomiliki ni saa. Mabondia wana saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu usiku, ndani ya ukumbi wa mtaa ambao asubuhi ulikuwa darasa la chekechea, mchana ukapokea mkutano wa chama cha akina mama, na Jumapili utajaa waumini. Wanasarakasi huingia siku wasizokuwapo mabondia, wachezaji wa tenisi ya meza hujibanza pembeni, na ukitokea msiba kila mtu hupisha ili jamaa wakutane kuchangia gharama za mazishi. Ukilielewa jambo hilo, kwamba klabu ya hapa ni zamu katika ratiba kabla ya kuwa mahali, utaona kwa nini ni rahisi sana kuukarabati ukumbi na kuua klabu zake, hata pale fedha zinapopatikana na nia ikawa njema.

Kosa huanzia kwenye picha ya klabu ya michezo tuliyorithi kutoka upande wa pili wa mji. Nairobi Club ilianzishwa mwaka 1901, Parklands Sports Club mwaka 1906, Muthaiga Country Club mwaka 1913, zote kwa ajili ya Wazungu, na mpangilio wa ndani wa klabu za aina hiyo hufuata kanuni moja: kila shughuli na chumba chake. Baa ina chumba chake, biliadi ina chake, skwoshi ina chake, wasomaji wa magazeti wana chao chenye viti vya ngozi. Mpangilio huo uliwafaa watu wachache wenye ardhi nyingi. Ulifanya pia kazi nyingine, kwa sababu kila mlango ulikuwa mahali pa kumuuliza mtu yeye ni nani na ameletwa na nani. Zama za ubaguzi wa rangi zimepita, lakini picha ile imebaki. Mbunifu akiitwa kuifanya upya klabu kongwe ya namna hiyo, hufuata vyumba vilivyopo: hubadilisha zulia, taa, mbao za kaunta. Akiitwa kwenye ukumbi wa Eastlands na akaja na picha hiyohiyo, mkono wake utaanza kuchora kuta. Ofisi ya meneja mbele, chumba cha kompyuta kushoto, jimu ndogo kulia, dari mpya ya jipsamu juu. Ukumbi utatoka nadhifu ukiwa na vyumba vinne, na hakuna hata kimoja kitakachoweza kubeba ulingo.

Ninachotetea ni kinyume cha hapo. Katikati ya ukumbi paachwe wazi kabisa, na fedha yote iende pembeni: kwenye stoo, vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo, madirisha, taa, na kile kipande cha ukuta ambacho mtu anakiona anapoingia. Sehemu hizo hazipendezi kwenye picha za uzinduzi, lakini ndizo zinazoamua nani ataweza kuwa mwanachama na nani atakata tamaa kimyakimya.

Uwazi wa kumbi hizi una historia yake. Manispaa ya Nairobi ya wakati wa ukoloni iliwapangia wafanyakazi Waafrika mahali pa kulala tu, kwa kuwa iliwahesabu kama wageni wa mjini ambao nyumba zao ziko vijijini. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kariokor ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo, kisha Shauri Moyo katika miaka ya 1930. Pale ambapo watu kadhaa hulala chumba kimoja na kutumia jiko na choo cha pamoja, sebule hulazimika kutafutwa nje ya nyumba, na ukumbi ndio uliotimiza haja hiyo. Wala haukuwa zawadi. Manispaa ilijitwalia ukiritimba wa kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, na faida ikaingizwa katika mfuko wa kugharimia huduma za Waafrika, kwa hiyo wakazi walizilipia huduma zao wenyewe, kikombe kwa kikombe. Nalitaja hili kwa makusudi, maana bado wapo wanaozungumza juu ya kumbi za mitaa kana kwamba ni msaada ambao mpokeaji hapaswi kuuchagulia sura.

Kaloleni ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mtaa huo, uliochorwa na msanifu A. J. S. Hutton na kujengwa katika miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano, ulifuata fikra za Mwingereza Ebenezer Howard kuhusu miji ya bustani: nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae vyekundu, viwanja vya majani vya kuchezea watoto, na ukumbi wa jamii kama kitovu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, Kenya African Union na East African Indian National Congress walifanya mkutano wa pamoja ambapo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wiki chache baadaye alikamatwa, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Mkutano ule ulihitaji kile ambacho dansi la Jumamosi, harusi na pambano la ndondi huhitaji, yaani sakafu pana isiyo na nguzo wala ukuta katikati, na mlango ambao mtu hupita bila kuulizwa kadi. Kila atakayesimama leo na kalamu mbele ya mchoro wa ukumbi kama huo akumbuke kwamba ukuta mmoja wa ofisi ungetosha kuufanya mkutano wa namna ile usiwezekane.

Tuje kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo hoja hii hushika uzito. Ulingo wa ndondi za ridhaa una mita 6.1 kila upande ndani ya kamba, na jukwaa lake huzidi kamba kwa sentimita 85 pande zote, hivyo unahitaji mraba wa mita 7.8 kabla hujaweka hata kiti kimoja cha jaji. Jukwaa hilo huinuliwa kama mita 1 kutoka chini. Msimamishe juu yake bondia mrefu aliyeinua mikono baada ya kushinda, na tayari umekaribia mita 3.5, ongeza taa na nafasi ya hewa moto kupanda, na dari ya jipsamu iliyoshushwa hadi mita 3 inakuwa imefunga ndondi nje ya jengo. Tenisi ya meza hudhaniwa kuwa mchezo wa kona, kwa kuwa meza yenyewe ni mita 2.74 kwa 1.525 tu, lakini katika mashindano ya kimataifa meza moja hupewa eneo la mita 14 kwa 7 na mita 5 za urefu wa kwenda juu. Uwanja wa badminton ni mita 13.4 kwa 6.1. Hakuna kaunti itakayojenga chumba cha kila mchezo kwa vipimo hivyo. Ukumbi mmoja mkubwa wenye paa la juu unaweza kuibeba yote, kwa zamu, mradi kuta zisiongezwe na mistari ya rangi ichorwe sakafuni.

Zamu zina sharti lake, nalo ni stoo. Kwangu hiki ndicho chumba muhimu kuliko vyote, na ndicho ambacho michoro mingi hukiacha hadi mwisho, kikapewa upenyo uliobaki kando ya choo. Fikiria vifaa vya klabu moja ya ndondi: jozi za glavu, kofia za kukinga kichwa, kamba za kuruka, mikeka, magunia ya kupiga ngumi, nguzo na kamba za ulingo. Pasipo na stoo, vifaa hivyo hukaa nyumbani kwa kocha, chini ya kitanda, katika chumba kilekile kimoja ambamo familia yake inaishi. Kocha akihama, akiugua au akikosana na wenzake, klabu imekwisha siku hiyo. Penye stoo moja ya wote hali huwa mbaya kwa namna nyingine: glavu zinapotea, klabu zinashukiana, na ufunguo unageuka kuwa silaha ya anayeushika.

Dawa yake ni rahisi na fundi wa chuma yeyote wa Gikomba au Kamukunji anaweza kuitengeneza. Chukua ukuta mmoja mrefu wa ukumbi, utoe kina cha mita 1 kutoka mwanzo hadi mwisho, uujaze vizimba vya wavu wa chuma vya kutoka sakafuni hadi juu, kila klabu na kizimba chake, mlango wake na kufuli yake. Wavu hupitisha hewa, kwa hiyo glavu zilizolowa jasho hukauka badala ya kuoza. Wavu pia humwonyesha kila mpitaji kilichomo, na kitu kinachoonekana na wote huwa vigumu kukiiba. Milango iwe ya kuteleza pembeni ili isile sakafu. Kama ukumbi una jukwaa la maonyesho, nafasi iliyo chini yake iwekewe vitoroli vya mikeka na viti. Magunia ya ndondi yasiachwe yaning'inie kwenye mbao za paa: gunia lenye kilo 40 linalopigwa na kuyumba jioni nzima hulegeza paa la zamani mwaka hadi mwaka. Yafungwe kwenye fremu ya chuma inayosimama juu ya sakafu, yenye reli ya kuyasukuma hadi ukutani zamu inapokwisha. Kwa njia hiyo ukumbi unaweza kubadilika kutoka mazoezi hadi mkutano wa matanga kwa muda mfupi, na klabu isiyo na jengo ikapata anwani: kizimba namba fulani, ukuta wa kushoto.

Baada ya stoo ni chumba cha kubadilishia nguo, na hapa suala ni la wasichana zaidi. Kumbi hizi zilijengwa wakati ambapo aliyetarajiwa kufanya michezo alikuwa mwanamume, tena mwanamume aliyekaa jirani na angeweza kwenda kuoga kwake. Mambo yamebadilika. Shirika la Boxgirls Kenya limekuwa likiwafundisha wasichana ndondi Kariobangi. Ndondi za wanawake ziliingia kwenye Olimpiki mwaka 2012 jijini London, na Elizabeth Andiego akaiwakilisha Kenya katika michezo hiyo. Mwaka 2018 Christine Ongare akatwaa shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia. Lakini msichana anayetaka kufuata njia hiyo, akifika ukumbini na kukuta choo kimoja chenye mlango usiofunga, atalazimika kuja akiwa amevaa nguo za mazoezi chini ya sketi ya shule na kurudi nyumbani gizani akiwa amelowa jasho. Wengi hawatarudi juma linalofuata, na kocha ataandika daftarini kwamba wasichana hawana ari. Chumba cha kubadilishia chenye milango miwili ya kujitegemea, mabenchi, bafu mbili, tangi la maji la akiba kwa siku ambazo mfereji umekauka, pipa la sodo, na taa inayomulika njia ya kutokea, kingefanya kazi ambayo kampeni nyingi za uhamasishaji haziwezi. Mlango wake uelekee ukumbini, mbele ya macho ya watu. Korido ndefu ya nyuma ya jengo ni mwaliko wa hatari.

Kuhusu hewa, mwanga na sakafu sitakaa sana, kwa kuwa majengo ya zamani yenyewe yanatufundisha. Kuta za mawe na paa la juu huufanya ukumbi uwe na baridi mchana. Kinachohitajika ni matundu karibu na paa ili joto la miili hamsini lipate pa kutokea, na matofali ya matundu hufanya kazi hiyo bila umeme na bila kuvunjwa na mpira. Mabati machache yanayopitisha mwanga hupunguza gharama ya tokeni za stima. Taa ziwekwe pembeni kwa pembe, zisimpige machoni anayetazama juu. Vigae vinavyong'aa visiwekwe: jasho likidondoka vinateleza, nguzo ya ulingo ikianguka vinapasuka. Saruji iliyosuguliwa vizuri au terazo hudumu zaidi na fundi wa mtaani anaweza kuiziba, na mikeka mizito ikitandikwa juu yake huwaokoa wanaoruka kamba na maumivu ya miundi ya miguu. Mwangwi unaomlazimisha kocha kupiga kelele hupunguzwa kwa paneli za mkonge juu ya ukuta, na mkonge tunaulima wenyewe Taita-Taveta. Pale ambapo paa ni la asbesto, kazi nyingine zote zisubiri hadi liondolewe na watu wenye leseni, kwa kuwa kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto miongoni mwa taka hatari, na kuitoboa kwa ajili ya kutundika taa ni kuwamwagia watoto vumbi lake.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawanyima maskini uzuri. Wakazi wa Eastlands, watasema, wanapenda dari ya kumetameta kama watu wengine, na anayewashauri wabaki na saruji na wavu wa chuma hajawahi kuishi nayo. Pingamizi hili nalipokea kwa heshima, kwa sababu ni kweli kwamba ubaya wa majengo ya umma ni aina ya dharau. Jibu langu ni kwamba uzuri na kugawanya vyumba ni mambo mawili tofauti. Mita chache tu kutoka kwenye ukumbi wa Kaloleni kuna ushahidi. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilikubaliana na Kaunti ya Nairobi kufufua maktaba tatu: McMillan iliyo katikati ya jiji, ambayo ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa zaidi ya miongo miwili ikawa ya Wazungu peke yao, pamoja na mbili za Eastlands, Kaloleni na Makadara. Ya Kaloleni ilifunguliwa upya mwaka 2020. Kazi ilianza kwa kuwasikiliza wanaozitumia, na kilichotoka ni mahali penye rangi, mwanga na samani zinazofaa watoto, bila kuugeuza mtaa kuwa mgeni wa jengo lake. Rangi ya mlango, mchoro wa ukutani kutoka kwa wachoraji walewale wanaopamba matatu, benchi la mbao lililosuguliwa vizuri: vyote hivyo ni uzuri, na havichukui hata sentimita moja ya sakafu.

Atakuja pia mtu wa hesabu. Ukumbi, atasema, lazima ujilipie, na ofisi za kupangisha huleta kodi ya kila mwezi ilhali mabondia hawaleti kitu. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa jengo lisilo na fedha ya matengenezo huporomoka tena. Hata hivyo, ofisi ikishapangishwa imemilikiwa na mtu mmoja saa zote, hata usiku ikiwa tupu, ilhali sakafu ya wazi hupangishwa kwa saa kwa watu wengi: kanisa asubuhi, harusi alasiri, mkutano wa wenye maduka jioni. Harusi hulipa kwa sababu ya ukubwa wa sakafu. Ukiikata umeikata na bei yake. Ninachokitaka ni kwamba saa za klabu ziandikwe kwanza katika ratiba na kubandikwa mlangoni, kisha zilizobaki ziuzwe kwa bei inayolipia maji, stima na mlinzi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka huduma za michezo na utamaduni miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo kuukodisha ukumbi wote kwa mpangaji mmoja kwa juma zima ni kuacha kazi hiyo mikononi mwa soko. Na kwa anayesema maji taka yarekebishwe kwanza kabla ya ukumbi, nakubaliana naye pale ambapo mfereji umepasuka mbele ya mlango wa ukumbi. Bomba, tangi na vyoo ni sehemu ya ukarabati ninaoutetea, na ndivyo viwe vya kwanza.

Kuna kitu kimoja ambacho ningependa Eastlands ikichukue moja kwa moja kutoka kwa klabu kongwe za matajiri. Ndani ya klabu hizo kuna mbao za heshima zilizoandikwa majina ya manahodha na washindi mwaka baada ya mwaka, na hata klabu zikikarabatiwa mara ngapi, mbao hizo hazitupwi. Mtoto wa mwanachama hukua akilisoma jina la babu yake ukutani. Eastlands imetoa wanasoka, mabondia na wanariadha kwa vizazi vitatu, na kumbi zake nyingi hazina hata jina moja ukutani. Robert Wangila, mzaliwa wa Nairobi, alishinda dhahabu ya ndondi huko Seoul mwaka 1988, na hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki. Uwanja ulio jirani na Kaloleni, uliojulikana kwa miaka mingi kama City Stadium, ulipewa jina la Joe Kadenge baada ya nyota huyo wa soka kufariki mwaka 2019, jambo jema. Lakini jina la nje ya uwanja ni la wapita njia. Ubao wa ndani ni wa wanachama, na nafasi yake haiishii kwa mabingwa wa dunia: uandikwe pia bingwa wa mtaa wa mwaka 1974, kocha aliyefundisha miaka ishirini bila mshahara, na msichana wa kwanza kupanda ulingoni. Mbao, rangi na mwandishi mwenye mkono mzuri vinatosha, na ubao huo uwekwe mkabala na mlango.

Haya yote yana haraka kwa sababu mitaa yenyewe inabadilika. Shauri Moyo, Starehe na Makongeni ni miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa katika mpango wa nyumba za bei nafuu, na maghorofa yanachukua nafasi ya nyumba za chini. Wakazi huahidiwa ukumbi wa jamii katika ghorofa ya chini, na hapo ndipo wanapopaswa kuuliza swali la kiufundi mapema. Nguzo za jengo la ghorofa hupangwa kufuata vyumba vya juu na maegesho ya magari, na umbali kati ya nguzo moja na nyingine mara nyingi hauzidi mita 6. Ulingo unataka mita 7.8, pamoja na nafasi ya watazamaji. Ghorofa ya chini yenye dari ya mita 3 na nguzo kila baada ya hatua chache itaitwa ukumbi katika hati, na hakuna klabu itakayoweza kuitumia. Njia ya kulizuia hilo ni kuujenga ukumbi kando ya ghorofa, chini ya paa lake lenyewe, au kuhamisha nguzo katika mchoro kabla msingi haujachimbwa. Zege likishamwagwa, hakuna mbunifu wa mambo ya ndani atakayeweza kuirudisha sakafu hiyo.